Ni Nani Atakayegeuza Gari?





Katika mafundisho ya ndoa parokiani, vijana huniuliza maswali mengi juu ya siku ya arusi: pete, mashahidi, masomo ya Misa, keki ikatwe saa ngapi. Ni vizuri waulize. Lakini ni nadra sana kijana kuuliza hivi: "Katekista, siku moja miaka 28 baadaye, tukiwa tumechokana na tumenuniana njiani, nifanye nini?" Hawaulizi kwa sababu hawajui ya kuwa siku hiyo itakuja. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnajua. Kwa wengine wenu imekuja juzi.

Leo nataka tulijibu swali hilo kwa msaada wa mwandishi wa riwaya. Najua wapo watakaoshangaa. Tukisikia "riwaya" wengi wetu tunafikiria vitabu vya mapenzi ya uongo, ambavyo kijana na msichana hupendana, hulia kidogo, kisha huoana, na hadithi ikaishia pale mlangoni pa kanisa. Mwandishi ninayemsema yeye huanzia pale wengine wanapoishia.

Jina lake ni Anne Tyler. Ni Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1941 mjini Minneapolis, na hadithi zake nyingi zinatendeka katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, alikoishi kwa miaka mingi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1964, na mwaka 2025 alitoa nyingine iitwayo Three Days in June. Katikati hapo ameandika riwaya zaidi ya 20. Si Mkatoliki. Alilelewa na wazazi Waquaker, wale ambao huku kwetu tunawaita Kanisa la Marafiki, na ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Wala yeye si mhubiri, hakuandika ili atufundishe dini. Yeye hutazama watu wa kawaida nyumbani mwao, mwenye duka, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, mama anayepika chakula ambacho hakuna anayekimaliza, na anawatazama kwa upendo. Mwenyewe aliolewa mwaka 1963 na Taghi Modarressi, mzaliwa wa Iran, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto na mwandishi pia. Waliishi pamoja mpaka mume alipofariki mwaka 1997. Hiyo ni miaka 34. Basi huyu mama akisema juu ya ndoa, tumsikilize.

Riwaya yake iliyojulikana sana inaitwa Breathing Lessons, yaani Mafunzo ya Kupumua. Ilitoka mwaka 1988, na mwaka 1989 ikapewa Tuzo ya Pulitzer, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za uandishi huko Marekani. Mtu angetegemea kitabu cha namna hiyo kieleze vita au mambo ya wakubwa. Hasha. Kinaeleza siku moja tu, Jumamosi, ya mume na mke wa makamo, Ira na Maggie Moran, wanaosafiri kwa gari maili 90 hivi kwenda kwenye mazishi. Wamekaa katika ndoa miaka 28.

Maggie ni mtu wa maneno mengi na huruma nyingi. Hukutana na mgeni saa hii, na baada ya dakika kumi amekwisha kumweleza habari za nyumbani kwake. Anapenda kuingilia mambo ya watu kwa nia njema, na mara nyingi anayaharibu. Siku hiyo yenyewe anaanza kwa kuchukua gari lao kutoka kwa fundi, na kabla hajafika popote lori la Pepsi linaligonga. Ira naye ni mkimya. Ana duka la kutia picha kwenye fremu, duka la baba yake. Alitamani kuwa daktari, lakini baba yake alimwachia mzigo wa duka pamoja na dada wawili wasioweza kujitegemea, na ndoto ile ikafa. Hazungumzi hisia zake. Hupiga mluzi. Maggie amejifunza kusikiliza ni wimbo gani anaoupiga, akumbuke maneno ya wimbo huo, ndipo ajue mumewe anawaza nini.

Mama unayesoma, je, wewe pia hujui mambo yako ya namna hiyo? Unajua kwa jinsi anavyofunga mlango kama siku ilikuwa mbaya kazini. Baba, unajua kwa mlio wa sufuria jikoni kama kuna jambo. Elimu hiyo hamkupewa shuleni. Mmeipata kwa kukaa pamoja miaka mingi, nayo ni mali. Msiitupe.

Jina la kitabu linatoka hapa. Mke wa mwana wao, alipokuwa mjamzito, alipelekwa kwenye mafunzo ya jinsi ya kupumua wakati wa kujifungua, naye akaona ni upuzi, kwani nani asiyejua kupumua? Maggie akamjibu kwamba ana bahati. Watu hufundishwa kupiga piano na kupiga taipu, lakini hakuna anayewafundisha kuishi na mume siku nenda siku rudi, wala kulea mtoto. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Sisi tuna mafundisho kabla ya ndoa, na ni jambo jema. Lakini mafundisho ya wiki chache hayawezi kumaliza somo la maisha yote. Sakramenti ya Ndoa haiishi siku ya kutia sahihi cheti. Neema yake imo humo garini, Jumamosi ile, mkiwa mmenuniana.

Sasa tuwafuate njiani. Nimeona mambo matatu.

Kwanza, ni nani atakayegeuza gari. Njiani Ira anamlaumu mkewe kwa kumwambia mgeni mambo ya nyumbani kwao. Maneno yanazidi. Maggie anamwamuru asimamishe gari, anashuka, anaanza kutembea kandokando ya barabara. Gari linaondoka. Naye, akitembea vile, anaanza kuwaza kwamba atabaki hapohapo katika kijiji kile asichokijua, atafute kazi, aanze maisha mapya bila mume. Ndugu zangu, ni wangapi wetu tumekwisha kuwaza hivyo, hata kama miguu haikushuka garini? Unakaa kitandani upande wako, umegeukia ukuta, unapiga hesabu ya chumba kimoja cha kupanga. Lakini Ira anageuza gari. Anarudi kumchukua mkewe, na safari inaendelea. Hakushinda hoja. Maggie naye hakushinda. Mmoja alirudi na mwingine akapanda.

Ndoa nyingi haziokolewi na mkutano mkubwa wa wazee, ingawa wakati mwingine wazee wanahitajika. Zinaokolewa na mtu mmoja kugeuza gari kabla giza halijaingia. Mtakatifu Paulo aliwaonya Waefeso, katika sura ya 4, wasiache jua lizame wakiwa bado na hasira. Anajua hasira itakuja. Anachokataza ni kuilaza nyumbani ikawa mgeni wa kudumu. Na katika Injili ya Luka sura ya 15, yule baba hakungoja mwanawe afike mlangoni na kumaliza hotuba yake ya toba. Alimwona angali mbali, akakimbia. Wengi wetu tunasema, "Nitasamehe akija kuniomba." Na mwenzako naye anasema vivyo hivyo chumba cha pili. Mtangoja mpaka lini?

Pili, mbwa na kiti. Njiani Maggie na Ira wanakutana na mzee mmoja, Bwana Otis, ambaye amegombana na mkewe na hakai tena nyumbani. Na ugomvi ulitokana na nini? Ndoto! Mkewe aliota kwamba mume amekanyaga vitambaa vyake vya kudarizi, akaamka amekasirika kwelikweli, na mume naye akakasirika kwa kukasirikiwa bure. Mtacheka. Lakini chunguzeni ugomvi wenu watatu wa mwisho mwone kama ulianza na jambo kubwa kuliko ndoto.

Mzee Otis anakumbuka mbwa aliyemjua zamani. Mpira wa mbwa huyo ukitupwa juu ya kiti cha jikoni, alikuwa akipenyeza pua katikati ya vijiti vya mgongo wa kiti, akilia na kuhangaika kwa kuwa hawezi kuufikia. Mpira ulikuwa mbele yake. Haikumjia kamwe kuzunguka aende upande wa mbele wa kiti auchukue. Mzee anaona ya kuwa hata yeye huenda ni kipofu wa namna hiyo.

Wapendwa, huyo mbwa anakaa katika nyumba nyingi za Kikristo. Mke anataka mumewe azungumze naye, basi kila jioni, mara tu mume anapoingia, anamwuliza yale maswali yaleyale kwa sauti ileile, na kila jioni mume anajificha kwenye simu. Miaka kumi anapenyeza pua palepale. Je, hawezi kuzunguka kiti? Pengine mume huyo huzungumza akiwa shambani, au mkitembea kutoka Misa, au taa ikizimwa. Mume naye anataka heshima, basi anaongeza ukali, na kadiri anavyoongeza ukali ndivyo heshima inavyopungua. Azunguke. Ajaribu kusema "asante" kwa chakula cha jana. Papa Fransisko, katika Wosia wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, Amoris Laetitia, alituachia maneno matatu ya kutumia nyumbani: tafadhali, asante, na samahani. Ni maneno mafupi, lakini ndiyo njia ya kuzunguka kiti.

Tatu, ukweli na upendo viende pamoja. Mwana wao, Jesse, ameachana na mkewe, Fiona, na kuna mjukuu. Maggie anataka kuwapatanisha kwa nguvu. Anapita kwa Fiona, anamwambia mambo ambayo si kweli kabisa juu ya jinsi Jesse anavyomkumbuka, ili moyo wake ulainike. Ira naye, asiyependa uongo, anayatoboa yote waziwazi mbele ya wote, tena kwa maneno makavu. Jioni hiyohiyo mpango unavunjika na Fiona anaondoka. Maggie alikuwa na upendo usio na ukweli. Ira alikuwa na ukweli usio na upole. Wote wawili walimkosa mtoto waliyetaka kumsaidia. Paulo, katika sura ileile ya 4 kwa Waefeso, anataka tuushike ukweli katika upendo, si kimoja bila kingine. Sisi wazazi na wakwe tulisikie hili mara mbili. Ndoa za watoto wetu hazijengwi kwa uongo wetu mtamu, wala kwa ukali wetu wa kweli.

Siku inaishaje? Usiku wako chumbani. Kesho yake watampeleka binti yao chuoni, na nyumba itabaki na watu wawili tu. Ira anacheza karata peke yake kitandani, kama kawaida yake. Maggie anamwuliza sasa wataishi kwa ajili ya nini miaka iliyobaki. Ira hana jibu la kitabuni. Anamvuta karibu naye. Kisha Maggie anambusu shavuni na kulala, kwa maana kesho kuna safari ndefu. Hakuna muujiza uliotokea. Mluzi utapigwa tena kesho, na Maggie atamweleza mgeni mwingine siri za nyumbani. Lakini watu wawili wamelala kitanda kimoja, na wameshikana.

Labda utasema, "Katekista, hao ni wa kubuniwa, na mwandishi amewapendelea." Basi sikia riwaya yake nyingine, The Amateur Marriage, ya mwaka 2004. Humo wamo Michael na Pauline Anton, wa Baltimore vilevile, waliokutana Desemba 1941 dukani kwa mama yake Michael, wakaoana upesi katika joto la vita. Pauline ni wa moto, Michael ni wa tahadhari. Tabia zao hazitofautiani sana na za Maggie na Ira. Wanapata watoto, binti yao mkubwa anatoroka nyumbani, wanamlea mjukuu. Na usiku wa kuadhimisha miaka 30 ya ndoa, baada ya sherehe, ugomvi unazuka, na Michael anaondoka. Safari hii hakuna anayegeuza gari. Wanatalikiana. Miaka inapita, Michael anaoa tena, Pauline anafariki. Na mwisho wa kitabu tunamwona Michael, mzee sasa, akitembea kuelekea ilikokuwa nyumba yao ya zamani, akiwaza kana kwamba Pauline yumo bado, anamngojea, naye anaharakisha hatua. Amegeuka. Lakini amegeukia nyumba isiyo na mtu.

Nilipoviweka vitabu hivi viwili pamoja niliona ya kuwa tofauti yake si tabia. Hakuna aliyeoa malaika. Vikombe vikiwa pamoja havikosi kugongana. Tofauti ni kwamba nyumba moja ilikuwa na desturi ya kurudi, na nyingine iliipoteza. Desturi hiyo hujengwa katika mambo madogo. Anayeshindwa kurudi baada ya ugomvi wa chumvi kwenye mboga, atawezaje kurudi baada ya jambo zito?

Hapa nisieleweke vibaya. Ninazungumza juu ya kununa, kuchokana, maneno makali na tabia zinazochosha. Sizungumzi juu ya kupigwa. Mama anayepigwa, au baba anayeumizwa, asiambiwe "geuza gari urudi" mahali ambapo maisha yake na ya watoto yamo hatarini. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa, na Papa Fransisko katika Wosia ule alieleza kwamba zipo nyakati ambapo kutengana ni lazima. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Aliye katika hali hiyo atafute usalama kwanza, amwone Padre na wenye mamlaka. Uvumilivu wa Kikristo si kunyamazia kipigo.

Kwenu ninyi wengine, mliochokana tu, nawakumbusha jambo moja la mwisho kuhusu Maggie. Kabla hawajaoana, alisikia habari ya kwamba Ira amekufa jeshini. Akaandika barua ya rambirambi kwa baba yake, akiwa na uchungu wa kumpoteza mtu ambaye hakuwa amemjua vizuri. Kumbe ilikuwa ni mtu mwingine. Ira yu hai. Kutokana na kosa hilo ndipo uchumba wao ulianza. Na miaka 28 baadaye wanasafiri kwenda kumzika mume wa rafiki yake Maggie, huku wakigombana njia nzima juu ya mambo ya bure, nao wote wawili wana mtu wa kugombana naye. Yule mjane hana tena.

Basi juma hili, jioni moja, zimeni redio na simu, mkae wawili, mjiulize maswali haya bila kukatana maneno:

1. Tukigombana, ni nani huwa anarudi kwanza? Je, ni mmoja wetu tu kila mara, na hajachoka?

2. Ni kiti gani tumekuwa tukipenyeza pua mgongoni mwake miaka yote hii? Tunaweza kukizunguka vipi?

3. Ni jambo gani dogo ninalolijua juu yako ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua? Na je, nimekushukuru kwa ajili yake?

Kisha salini Baba Yetu pamoja, mkishikana mikono. Mkifika pale pa kusamehe, msipite haraka.

Ee Mungu Baba, uliyetuita wawili kuwa mmoja, utupe moyo wa kurudi kabla jua halijazama, na macho ya kumwona mwenzetu angali hai kando yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.